Kwanza Iweke Kweli

Watu wakiniona nimepoteza kitu mkononi kwa mazingaombwe, husema mambo mawili. La kwanza, kwamba nina mkono mwepesi. La pili, kwamba nimekitia kwenye mkono wa buibui. Hilo la pili huwa silijibu kwa mdomo. Hukunja mikono ya buibui hadi viwikoni, nikaanza upya, na kitu kikapotea tena. Kwa hakika buibui halifai kabisa kwa kazi hii: kitambaa chake kinateleza, shilingi ukiitumbukiza humo itakwenda kusimama kwapani, na kuitoa itakubidi uukung'ute mkono mbele ya hadhara nzima.

Na huo wepesi nao sinao. Mimi ni fundi wa nguo. Natia pindo za magauni kwa mkono, na fundi anayekimbiza sindano hujichoma kidole akaitia damu nguo ya watu. Mkono wangu umezoea kwenda taratibu na kwenda sawa. Hivyo ndivyo ninavyofanya mazingaombwe, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha watoto wanaokuja kukaa barazani kwangu hapa Langoni, Lamu, wakitoka chuo cha Kurani alasiri.

Somo la kwanza halina ujanja wowote. Nampa mtoto sarafu ya shilingi 20, ile mpya yenye ndovu, namwambia: itoe mkono wa kulia uiweke wa kushoto.

"Halafu?"

Halafu basi. Iweke. Irudishe. Iweke tena.

Watoto hutazamana wakacheka. Wamekuja kufundishwa kupoteza, nami nawafundisha kuweka. Lakini nawauliza maswali. Ulipoiweka, ni kidole gani kilichofunga mwanzo? Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya shilingi au pembeni? Macho yako yalikuwa wapi? Mkono wa kulia ulipomaliza kazi yake ulikwenda wapi? Hakuna anayejua. Mtu anaweza kuishi miaka yake yote akipokea na kutoa chenji, asijue mkono wake unafanyaje. Basi tunatazama. Shilingi imeshikwa kwa ncha za vidole, gumba juu yake. Inagusa kiganja cha kushoto, karibu na mzizi wa vidole. Vidole vya kushoto vinaanza kufunga kuanzia kile kidogo. Gumba la kulia linaachia. Mkono wa kulia unalegea na kuanguka chini wenyewe, hauna tena kazi. Macho yanafuata ngumi.

Yakishaeleweka hayo, ndipo nasema: sasa fanya vilevile, ila usiiweke.

Hapo ndipo pana kazi. Shilingi inagusa kiganja kweli, watu wanaiona inang'aa. Vidole vya kushoto vinapoinuka kuifunika, gumba la kulia linairudisha nyuma kidogo tu, ikalala kwenye mikunjo ya kidole cha kati na cha pete. Jicho lililouona mng'aro kiganjani huendelea kuamini kwamba upo, hata kiganja kikiwa kitupu. Ukifanya haraka, unaliharibu hilo jicho: halikupata muda wa kuona, basi halina cha kuendelea kukiamini. Ndiyo maana nawakataza kukimbiza. Uwongo wote wa mkono unakopa kutoka kwenye tendo la kweli, na mtoto asiyejua anavyoweka kweli hana mahali pa kukopa.

Mkono unaoficha ndio unaowatesa zaidi. Wengi huukaza, vidole vikasimama wima. Dawa yake ni kuwatuma dukani. "Nenda kaniletee uzi mweusi, na shilingi iwe imelala hapo hapo ndani ya vidole. Usiikamate, iache ilale. Umsalimie kila unayepishana naye, na ukipishana na punda mpishe kwa mkono huohuo." Kiyana mmoja alirudi na uzi, na salamu kutoka kwa mwenye duka, aliyetaka kujua mkono wake umeumwa na nini. Kesho yake akaenda tena. Siku mwenye duka alipoacha kuuliza, nikajua yuko tayari.

Mimi mwenyewe sikuanza na shilingi, nilianza na kastabani. Kila fundi wa mkono anayo, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni, yenye vishimo vya kuzuia tako la sindano lisiteleze. Nadhani hakuna kifaa cha mazingaombwe kizuri kuipita, na huko Ulaya na Marekani kuna watu waliojenga maonyesho mazima juu yake. Ivae kwenye kidole cha shahada. Kunja kidole hicho hadi kastabani iingie kwenye panda ya gumba, pale gumba linapokutana na kiganja. Gumba likaze kidogo tu, kidole kitoke peke yake, kinyooke. Kastabani imebaki pandani, na mgongo wa mkono unawatazama watu. Kidole ki kitupu. Ukitaka irudi, unakunja tena, unavaa, unanyoosha.

Tatizo ni kwamba kukunja na kunyoosha kunaonekana. Kwa hiyo mkono mzima lazima uwe na safari yake: uelekee kwenye sikio la mtoto, au ushuke kwenye meza, na kidole kifanye jambo lake katikati ya safari hiyo. Mwendo mkubwa unaufunika mdogo. Huwa nafanya hivi nikimpima mteja: utepe wa kupimia mkono mmoja, kastabani mkono wa pili, nampima bega, na kastabani inatokea kwenye ushungi wake. Mteja akicheka husimama wima, vipimo vinatoka sawa.

Aliyenipa wazo la haya yote alikuwa babu. Alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, na alipita Mfereji wa Suez mara nyingi kabla haujafungwa mwaka 1967. Pale Port Said walikuwa wakipanda melini wanamazingaombwe wa Kimisri waliovaa kanzu, mabaharia wakiwaita gali-gali kwa ajili ya maneno waliyokuwa wakiyaimba wakati wa kazi. Walitoa vifaranga hai vya kuku kwenye mashati ya abiria. Babu hakujifunza vifaranga. Alichokuja nacho nyumbani ni mchezo wa vikombe vitatu, na aliufanya kwa finjani za kahawa, zile ndogo zisizo na mkono, pamoja na vifundo vya kitambaa alivyovisokota mwenyewe. Kifundo kinawekwa chini ya finjani ya kwanza, kinatoka chini ya ya tatu. Nilikuwa mtoto, nikamsumbua hadi akaniambia: vifundo si vitatu, ni vinne. Kimoja daima kimo mkononi. Unachokiona wewe kinawekwa sasa, mimi nilikwisha kukiweka mwanzo.

Mchezo huo ni wa kale mno. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliutaja katika barua yake moja: vikombe na vijiwe vya wanamazingaombwe. Alisema unampendeza kwa kuwa unamdanganya, na kwamba akishaelezwa unavyofanyika, hamu inamwisha.

Mimi na Seneca hapo hatupatani. Nilipoambiwa kwamba vifundo ni vinne ndipo nilipoanza kumtazama babu kwa hamu. Kabla ya hapo nilikuwa nikishangaa tu, na kushangaa kunachosha upesi. Baada ya hapo nilijua kifundo cha nne kipo, nikawa namtumbulia macho mkono wake, na bado sikioni. Watoto wangu wa barazani wako vivyo hivyo. Wale wanaojua siri ndio wanaopiga kelele zaidi mwenzao akiifanya vizuri.

Najua desturi ya wanamazingaombwe ni kinyume cha haya. London kuna chama kinachoitwa Magic Circle, kilichoundwa mwaka 1905, na wanachama wake wanafungwa na ahadi ya kutotoa siri hovyo. Siwalaumu, wao wanauza tikiti. Mimi nauza magauni.

Lakini kuna sababu nyingine ya kufundisha kwa uwazi, na yeyote anayeujua mji huu keshaihisi. Mzazi mmoja alikuja barazani, akakataa chai, akabaki amesimama.

"Bi Fundi, nimesikia wawafundisha wana wetu sihiri."

Nikamwambia, kaka yangu, keti kwanza. Nikachukua shilingi, nikaipoteza. Kisha nikaugeuza mkono nikamwonyesha ilipolala. Nikarudia polepole, nikamwambia naye ajaribu. Alijaribu, ikamwangukia kwenye makubazi. Akacheka bila kupenda, lakini hakuliacha jambo lake. Akanikumbusha kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, katika Suratul A'raf aya ya 116, pale walipotupa vitu vyao wakayaroga macho ya watu. "Na wewe shughuli yako ni macho ya watu," akasema. Nikamjibu kwamba wale walidai kuwa na nguvu, mimi nadai kuwa na vidole kumi. Tulizungumza hadi adhana ya magharibi. Mwisho alinipa sharti: kila mtoto, kabla hajaanza mchezo wake, aseme kwa sauti kwamba hii ni mikono yake tu, hana jini wala hirizi.

Sharti hilo nimelishika mpaka leo, na limetufaa kuliko alivyokusudia. Mtu akishaambiwa "ni mikono tu", huitazama mikono kwa macho yote, na hapo ikimshinda hana pa kukimbilia. Hawezi kusema ni jini. Wapo ambao hata kwa sharti hilo hawaridhiki, na mimi si mwanachuoni wa kubishana nao; watoto wao huwa siwapi shilingi, nawapa vitambaa wakate.

Sasa nisimulie kisa cha jirani yangu, maana ndicho kilichonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Alikuwa akiumwa goti muda mrefu. Akaletewa mganga kutoka nje ya kisiwa, nami nikaitwa kumshika mkono. Mganga akachanja goti kidogo kwa wembe, akafunika kwa kitambaa, akasoma aliyoyasoma, akafikicha, akatoa msumari wenye kutu uliozongwa nywele. Chumba kizima kilipiga yowe. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wake wa kushoto. Tangu aingie hakuwa ameufungua: vidole viwili vimekunjwa kidogo, gumba limelala juu, na hata alipopokea maji ya kunywa aliyapokea kwa wa kulia na kikombe akakiweka chini ili abadilishe. Mtu mwenye mkono mtupu hahangaiki hivyo.

Sikusema kitu pale. Kesho yake nilimwendea jirani yangu na chai ya tangawizi, nikamwomba anipe goti. Nikafunika kwa leso, nikafikicha, nikamtolea vifungo viwili na zipu ya inchi nane. Akanitazama, akatazama zipu, akaanza kucheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyamaza.

"Na pesa zangu je, hizo utazitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Goti alikuja kulipeleka hospitali.

Kwake yeye iliishia kwenye pesa. Bara yetu hapa, upande wa Kilifi, wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine kinachosakwa ni shamba. Mara nyingi huanza na mtu kutolewa kitu mwilini au kuchimbuliwa kitu uani, kisha likatajwa jina. Mwingereza Reginald Scot aliliona hili zamani. Mwaka 1584 alichapa kitabu cha kutetea watu waliokuwa wakishitakiwa kwa uchawi nchini kwake, na ndani yake akaeleza namna michezo ya mikono inavyofanyika: shilingi zinavyopotea, kisu kinavyoonekana kupenya mkono. Alifichua ili watu wasinyongwe kwa ujanja wa vidole. Nikiulizwa kwa nini nafichua, namtaja huyo.

Na wapo waliofanya kinyume chake. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin, akawashinde kwa maajabu masharifu na watu wa zawiya, vituo vya dini, waliokuwa na sauti kwa wananchi, ili watu waone Wafaransa ndio wenye nguvu zaidi. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto angeweza kuliinua. Kisha akiamua, mwanamume mwenye nguvu zake hawezi kulibandua sakafuni. Siri yake ilikuwa sumaku ya umeme chini ya jukwaa. Watu wa fani humsifu sana kama baba wa mazingaombwe ya kisasa. Mimi nikifika hapo kwenye habari zake hamu hunikatika. Fundi hodari, kazi mbaya.

Watoto wenyewe hawana haja na historia hiyo. Wanachotaka ni pata potea, kwa kuwa wote wamesikia habari za kaka fulani aliyekwenda Mombasa akaliwa nauli. Hiyo nawafundisha wazi, na nawafundisha namna mtu anavyoliwa. Karata tatu, moja ndiyo ya ushindi. Mchezeshaji anashika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na watu wanaona wazi kwamba ya chini ndiyo yenyewe. Anapoitupa, huachia ya juu. Mkono ni uleule, mwendo ni uleule, na macho ya kila mtu yanaifuata karata isiyo yake. Hata hivyo, kwenye pata potea mtupo ndio sehemu ndogo. Wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Anayekunja pembe ya karata mchezeshaji alipogeuka, akakukonyeza, ni mwenzake pia, na pembe hiyo itakunjuka na kuhamia karata nyingine kabla hujaweka pesa. Nawapa watoto wachezeane kwa kokwa za mabuyu. Wakishaliwa za kutosha, wanaelewa kwamba mchezo huo hauna mlango wa mteja.

Turudi kwenye mikono. Mtoto akishaweza kuiweka kweli na kuiweka uwongo, kinachobaki ni macho yake mwenyewe. Karibu wote hutupia jicho mkono unaoficha. Ni kwa nukta moja tu, lakini bibi aliyekaa mbele anaiona, kwa sababu watu hututazama usoni kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land, watafiti waliokuwa Uingereza, walichapisha jaribio zuri sana. Mwanamazingaombwe anarusha mpira juu na kuudaka, mara mbili. Ya tatu anajifanya anarusha, mpira umebaki mkononi, ila macho yake yanapanda juu. Wengi walisema wameuona mpira ukipaa na kutoweka hewani. Alipoyaacha macho kwenye mkono badala ya kupandisha, waliodanganyika walipungua sana. Vipimo vya macho vilionyesha kwamba watazamaji walikuwa wakimchungulia usoni kabla ya kurusha.

Tumejaribu barazani kwa ndimu. Ndimu inapaa mara mbili, ya tatu nainua macho, na watoto watatu wanne hugeuka kutafuta kwenye dari. Mmoja aliapa ameiona ikigusa boriti. "I wapi? I wapi?" Kisha kila mtu anataka kujaribu yeye, na ndimu zangu za mchuzi zinakwisha kwa kupondeka.

Kuna dosari moja ambayo haiwezi kuonwa na anayeifanya: mtu akijizoeza mbele ya kioo, hupepesa jicho pale pale penye ujanja. Mwili hautaki kuona uwongo wake. Anaona mchezo umemnyookea, kumbe ameukosa yeye peke yake. Kwa sababu hiyo tunatumia simu. Naiegemeza kwenye cherehani, mtoto anajirekodi, tunatazama pamoja, na anashtuka kuona shilingi ikichungulia waziwazi katikati ya vidole. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha mengi kutoka kwa watu wa nje, ingawa video zao zinanipa shida ndogo: wanatumia nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6 na gramu 11.34, na pembe zake zina meno yanayong'ata nyama ya kiganja. Shilingi 20 yetu ina milimita 26. Kwa mwanamume mwenye mkono mpana haikai, inadondoka. Kwa mkono wangu na mikono ya watoto inatosha kabisa, kwa hiyo hapa sisi wadogo tumefaidika.

Babu aliniachia shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1952, yenye simba aliyesimama mbele ya milima na kichwa cha mfalme upande wa pili. Ni kubwa kuliko sarafu zetu za sasa. Na sarafu mpya ya shilingi 10, iliyotoka mwaka 2018, nayo ina simba. (Sarafu hizo ni za wanyama kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa. Nawapongeza waliolifikiria hilo, kwangu mimi limezaa mchezo.) Naweka shilingi 10 kwenye kiganja cha mtoto, namwambia simba huyu ni kijana bado, hajala kitu. Naifunga ngumi yake mwenyewe. Namwambia amlishe, avute pumzi na kupuliza. Akifungua, simba amekua, amezeeka, ana mfalme mgongoni. Ubadilishaji ulifanyika kabla ngumi haijafungwa, wakati bado nasimulia habari za njaa ya simba, na wote wakinitazama mdomo. Wanaojua wanajua. Wasiojua humrudisha simba kwa uangalifu, wengine huuliza kama atarudi kuwa mdogo tena akifunga saumu.

Mchezo huo ndio ninaoombwa zaidi kwenye kupamba. Mahali pa wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni, biarusi amekaa amechoka na hina na dhahabu, na shughuli imepoa kidogo kabla ya ngoma. Mama wa biarusi hunisukuma katikati. Kwa kuwa hakuna simu, hakuna video yangu yoyote ya kazi hiyo, na mnaonitumia ujumbe kuziomba msichoke bure. Ninachoweza kusema ni kwamba hadhira ngumu kuliko zote ni mabibi. Vijana hutazama mkono unaosonga, mabibi hutazama uliotulia. Waliwahi kunishika kwenye mchezo wa finjani kwa sababu hiyo, na tangu hapo nimeweka kazi ya kweli kwenye mkono wa pili: unashika dele, unapangusa meza, unamkabidhi mtu kitu. Mkono wenye kazi inayoeleweka hauulizwi.

Mwanafunzi wangu bora sasa hivi ni binti wa miaka kumi na mmoja, mtulivu, haongei. Nilidhani kutoongea kutamzuia. Kumbe anapofanya mchezo, watu wanainama kumsogelea, na wakisogea hawaoni tena chini ya mikono. Kaka yake ana mdomo wa kuuza maji baharini, na vidole vya mbao. Nimewaweka pamoja: kaka anasema, dada anafanya. Ugomvi wao ni nani aitwe mwanamazingaombwe.

Mnaouliza kama nafundisha watu wazima: ndiyo, wanawake, Jumamosi baada ya alasiri, hapa hapa kwenye cherehani, bila malipo ukishona huku tukiongea. Wanaume wanaotaka nawaelekeza kwa kijana niliyemfundisha mimi, hukaa na wenzake uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, jioni. Msije na karata. Karata ni za mwaka wa pili, na zinawafanya watu wafikirie kasi. Njoo na sarafu ya shilingi 20 na kastabani ya chuma inayokukaa sawasawa kidoleni. Ikilegea itadondoka ukikunja kidole, na ikibana haitavuka bila kuvutwa. Kama huna, ninazo chache za kuazimisha. Ila nazihesabu kabla hamjaondoka.